Shamba la mtu, maji ya watu

Jumamosi iliyopita tulibadilishana mbegu. Mbele ya kibanda cha jumuiya yetu ya walima bustani, mzee wa Kijamaika alinimwagia kiganjani punje nyeusi, ndogo kuliko ulezi, akasema ni kalalu. Mama wa Kibangladeshi aliyesimama pembeni akazitazama, akasema kwao zinaitwa lal shak, ila zake huota majani mekundu. Mimi nilikuwa nimeshika kikopo cha punje hizo hizo, nilizokung'uta mwenyewe msimu uliopita. Kwetu ni mchicha. Tukatazamana watu watatu wa mabara matatu, kila mmoja na jina lake la mboga ya mama yake, kwenye ardhi ya halmashauri ya mji wa Kiingereza ambayo hakuna hata mmoja wetu anaimiliki na ambayo hakuna anayeweza kutufukuza kesho.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika.

Naishi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, huu mwaka wa 11. Nyumbani ni Upare, wilaya ya Same. Hapa wana kitu wanachokiita alotimenti: ardhi iliyokatwa vipande, kila kipande kikakodishwa kwa mkazi wa mji ili alime chakula cha nyumbani kwake. Vipande bado vinapimwa kwa kipimo cha kale, rodi. Ploti kamili ni rodi 10, kama mita za mraba 250, na wengi siku hizi hupewa nusu yake. Mimi niliandikisha jina nikasubiri miaka mitatu. Kodi ni ya mwaka na haiumizi. Wenzangu ni fundi bomba, mwalimu, nesi wa zamu za usiku, na jirani yangu wa kushoto ni mstaafu wa mgodi wa makaa ya mawe ambaye vitunguu vyake vinapita ngumi yangu.

Nilipoanza nilidhani ni hisani ya halmashauri, kama bustani ya kupumzikia. Mzee wa makaa ndiye aliyenisahihisha. Ni sheria. Sheria ya mwaka 1908 iliziwajibisha halmashauri kutoa ploti pale ambapo wakazi wanazihitaji, na mpaka leo wapiga kura au walipa kodi sita wakiandika barua kuzidai, halmashauri haiwezi kuitupa barua hiyo. Ni lazima iitafakari. Watu sita tu! (Wilaya za katikati ya London zimeondolewa kwenye wajibu huo, lakini kwingineko Uingereza sheria inasimama.) Mwaka 1925 ikaongezwa sheria nyingine: ardhi ambayo halmashauri iliipata kwa ajili ya ploti haiwezi kuuzwa wala kubadilishwa matumizi bila idhini ya waziri. Mwaka 1950 wakaongeza tena kwamba mkulima akitakiwa kuondoka apewe notisi ya miezi 12, na notisi hiyo isiishie katikati ya kiangazi, mazao yakiwa yamesimama shambani. Nilipoelezwa hayo nilinyamaza. Kuna mtu aliketi bungeni akalifikiria tuta la maharage ya mtu maskini.

Na nikamfikiria mama mdogo.

Mama mdogo alihamia Dar es Salaam mimi nikiwa darasa la pili, na kwa zaidi ya miaka kumi alilima mchicha bondeni, Kinondoni. Likizo nikienda kwake nilimwagilia kwa keni mbili, moja kila mkono, kutoka kisima kifupi walichochimba wenyewe. Mchicha ni mboga ya haraka: unasia, unatia mbolea ya kuku, wiki tatu au nne umefika. Alfajiri wanakuja akina mama wachuuzi, wananunua tuta zima likiwa bado ardhini, wanang'oa wenyewe, wanafunga mafungu, na saa moja asubuhi unawasikia mitaani wakiita. Ada zangu za sekondari zilitoka kwenye matuta yale. Kisha asubuhi moja likaja katapila. Kulikuwa na mwenye eneo, kulikuwa na hati, na matuta yalikuwa na mchicha wa wiki mbili. Mama mdogo hakuomba alipwe ardhi, kwa kuwa alijua si yake. Aliomba wiki mbili avune. Hakupewa.

Wiki mbili zile nimezibeba mpaka huku.

Najua watu wa nyumbani watasema tuna sheria zetu. Tunazo, na nyingine nzuri sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji haki ya kupata hati miliki ya kimila, na halmashauri ya kijiji ina sauti juu ya ardhi yake. Lakini bonde la mjini si kijiji. Mkulima wa mjini analima eneo la wazi, hifadhi ya barabara, kando ya mto au kiwanja cha mtu ambaye bado hajajenga, na siku zote yupo pale kwa kuvumiliwa. Anayevumiliwa hapandi mchungwa. Hachimbi kisima cha maana, halazi mboji ya miaka mitatu, hajengi hata choo. Anapanda mchicha kwa sababu mchicha unakomaa kabla katapila halijafika. Tukiwalaumu wakulima wa mabondeni kwamba wanamwagilia maji machafu, tujiulize pia nani atachimba kisima kirefu kwenye ardhi asiyojua kama atailima mwakani.

Sasa nisieleweke kwamba Waingereza wametupita kwa kila kitu. Kuna jambo ambalo nalitafuta kwenye ploti hizi tangu siku ya kwanza silioni, na wenyewe hawajui kwamba linakosekana.

Upare tuna ndiva. Asiyeijua: ni bwawa dogo linalochimbwa kwenye mteremko ili kukinga maji ya kijito. Kijito chenyewe ni chembamba, ukikiacha kitiririke hivi hivi, mfereji unayanywa maji yote kabla hayajafika shamba la tatu. Kwa hiyo usiku tundu linazibwa, maji yanakusanyika, na asubuhi mwenye zamu anazibua. Maji yanashuka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho bondeni. Kila familia ina shamba lake, mahindi yake, maharage yake, na hakuna anayekuuliza unapanda nini. Ila maji yana zamu, na zamu ina kamati, na kabla ya mvua baragumu likilia watu wanatoka na majembe na makarai kuzoa tope ndani ya ndiva na kuziba mianya ya mfereji. Huo ndio msaragambo. Usipokuja unalipa faini, na ukizidi kutega zamu yako inarukwa, majani ya maharage yako yanajikunja huku wenzako wakimwagilia. Nimekua nikiona watu waliokuwa hawasalimiani kwa kesi ya mpaka wakipokezana karai la tope ndani ya ndiva moja.

Huku bomba limefika kwenye ploti tayari. Halmashauri inalifunga Novemba lisipasuke kwa barafu, inalifungua Machi. Ni neema, silikatai bomba. Lakini bomba halimwiti mtu atoke nyumbani. Kila mmoja anaingia na ufunguo wake, anainama kwenye tuta lake, anaondoka. Mwaka juzi nilifiwa nikasafiri wiki sita. Niliporudi nilikuta barua ya onyo kwamba ploti yangu imeota magugu na nina siku kadhaa za kuisafisha. Barua ilikuwa halali. Kilichoniuma ni kwamba watu zaidi ya thelathini walipita pale kila Jumapili wakayaona yale magugu yakipanda, na kwa utaratibu wao kuyagusa kungekuwa kuniingilia. Kwetu mtu akiwa msibani shamba lake linapaliliwa, na palizi hiyo ni sehemu ya rambirambi. Nilipomweleza mzee wa makaa, alikaa kimya, halafu akaniambia kwamba zamani, mgodi ulipokuwa wazi, nao walikuwa hivyo. Kesho yake nilimkuta kwenye ploti yangu na uma wa kulimia, amefika kabla yangu.

Hata huo ulinzi wa sheria nao wameuachia upungue. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli za chakula zikizamishwa baharini, serikali iliwahimiza wananchi wachimbe kila kipande, na ploti zikafika milioni 1.4 hivi. Leo zimebaki kama 330,000. Nyingi zilikuwa za muda, hazikuwahi kuingia kwenye kinga ile ya 1925, na amani iliporudi zikageuka nyumba na maegesho. Nalitaja hili kwa sababu nyumbani tunapenda sana neno "kwa muda". Eneo lililotolewa kwa muda limekwisha kutolewa kwa mtu mwingine, bado tarehe tu.

Rafiki yangu mmoja niliyemweleza haya kwa simu alinikatisha: kulima pamoja tulishakujaribu, kukatushinda. Alikuwa anasema ujamaa. Namheshimu, lakini nadhani tumejifunza somo lisilo lenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa wakati wa Operesheni Vijiji kwenye miaka ya 1970, kilichoshirikishwa kilikuwa shamba lenyewe, na mara nyingi kwa amri. Babu alinisimulia kwamba kwenye shamba la ujamaa watu walifika saa nne wakaondoka saa sita, lakini kwenye mashamba yao walikuwa wameshalima kabla jua halijatoka. Kijiji ni hicho hicho, watu ni hao hao, na katika miaka hiyo hiyo ndiva haikukosa kuzolewa tope hata msimu mmoja. Mwaka 1976 serikali ilivivunja hata vyama vya ushirika, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Ndiva haikuvunjwa na mtu kwa sababu hakuna ofisi iliyokuwa imeianzisha.

Kwa hiyo kilichotushinda si ushirika. Tulishirikisha jembe, ambalo ni la mtu, badala ya maji, ambayo ni ya watu. Ukiitazama alotimenti vizuri ina umbo la ndiva: tuta ni langu, nitapanda nitakacho, ardhi, maji, uzio na kanuni ni vyetu. Jumuiya yetu hapa inanunua samadi ya farasi lori zima na mbegu za viazi kwa magunia, tunagawana kwa bei ya jumla. Walikopata mazoea hayo si mbali na hapa. Mwaka 1844, Rochdale, wafumaji na mafundi walichanga vijisenti wakafungua duka lao la unga, siagi na sukari isiyoghoshiwa. Na mji wa jirani, Todmorden, tangu 2008 wakazi wamekuwa wakipanda mboga mbele ya kituo cha polisi, kituo cha afya na kando ya mfereji, na mpita njia yeyote anachuma. Nilikwenda kuona, nikachuma majani ya kitunguu mbele ya polisi mwenye sare. Nilifurahi, ingawa kwa maoni yangu kitanda cha mboga mlangoni pa ofisi hakilishi familia. Rodi 10 zinalisha.

Ninachotaka kwa miji yetu ni hicho. Kila mji unapopima viwanja, kata moja moja itengewe eneo la kulima, liandikwe kwenye ramani kwa jina hilo, na lisiweze kubadilishwa na ofisa mmoja mezani kwake. Familia ikodi kipande kidogo kwa mwaka. Akiondolewa mtu, aondolewe baada ya kuvuna. Kisima kirefu kimoja, kamati ya maji, na msaragambo kila mwezi, maana huo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Na tusitofautishe sana anayelima kula na anayelima kuuza. Huku sheria inasema ploti ni hasa kwa chakula cha familia, na kwa nesi mwenye mshahara inafaa. Kwa mtu kama mama mdogo, fungu la mchicha ndilo mshahara.

Tutaambiwa tuombe kwa utaratibu. Sawa, tuombe. Wapare hatukuanza leo kudai: mwaka 1945 wazee wetu waliziacha nyumba zao wakaenda kukusanyika Same kuikataa kodi ya mbiru ya wakati wa ukoloni, na baadaye ikafutwa.

Mama mdogo sasa amerudi mkoani, anaishi mji mdogo, analima kwenye magunia na madumu uani kwa mwanawe. Magunia 14, kila moja limetobolewa ubavuni, sukuma wiki na mnafu vikichomoza pande zote. Mwezi uliopita nilimsomea kwa simu habari za ile barua ya watu sita. Akaniuliza mara mbili, sita tu? Nikamwambia kwetu hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuisoma. Akasema, "Mwanangu, wewe iandike vizuri, kusomwa niachie mimi."

Nikaiandika kurasa mbili, na mchoro wa eneo la wazi lililo nyuma ya soko, ambalo kwa sasa ni jalala. Amepata majina tisa: muuza mitumba, mwalimu mstaafu, mashemasi wawili wa kanisani kwao, muadhini wa msikiti wa jirani, na wengine. Lake limeandikwa la kwanza. Jumatatu waliipeleka kwa mtendaji wa kata, na mama mdogo hakuondoka mpaka nakala yake ilipogongwa muhuri. Amenitumia picha. Muhuri umekaa upande, tarehe inasomeka.