Hiyo ya "umevaa vibaya" inataka maandalizi

Makala ya kupandishwa vyeo jeshini imeeleza vizuri ile mbinu ya kumshtukiza askari aliyepanda cheo: anaitwa ofisini, anagombezwa kuwa amevaa vibaya, kisha anakabidhiwa tepe mpya, yaani alama ya cheo chake kipya. Hapa Tabora, mji wenye kambi, mzaha huo si mgeni. Ila usifanywe kienyeji.

Anayeuandaa asome namba ya jeshi, si jina. Kina Juma Hamisi wanaweza kuwa wawili kwenye kikosi kimoja, na hakuna fedheha kama kumvua mtu tepe ya tatu, ya usajenti, mbele ya wenzake na kumrudisha ukoplo. Mbaya zaidi ni orodha za waliopanda vyeo za kupigwa picha na kurushwa WhatsApp: ukurasa umekatwa, namba haionekani, na nyumbani vigelegele vimeshaanza! Subirini amri ya kikosi yenye sahihi.

Tepe ziwe tayari, jozi kamili, zishonwe na fundi wa kikosi. Sare ya jeshi haipelekwi kwa cherehani za sokoni. Askari naye aangalie tarehe ambayo cheo kinaanza kuhesabika, maana hiyo, si siku ya sherehe, ndiyo inayoamua nani mkubwa kati ya wenye cheo kimoja.

Kwa majenerali hakuna mizaha ya ofisini, taarifa ya Ikulu inatosha. Juni 2022 Jacob Mkunda alitoka Meja Jenerali hadi Jenerali, akaruka Luteni Jenerali, na kesho yake akaapishwa kuwa Mkuu wa Majeshi. Hapo wa kumwonea huruma ni mtunza stoo anayetafutwa usiku kwa alama za mabegani.