Hodi Bafuni

Sisi watu wa Dodoma samaki tunamjua akiwa amekauka. Anafika sokoni kwenye gunia, mdogo, macho yamemtoka, anapimwa kwa kopo, na tangu nizaliwe sijasikia amemsumbua mtu. Ndiyo maana barua ya uhamisho ilipotaja Mwanza, kabla hata sijatafuta dalali wa nyumba, nilikwenda kununua fimbo ya kuvulia.

Kuvua kwenyewe sikujui. Ila nilijiambia kwamba mtu akihamia ziwani halafu akabaki sebuleni anaangalia mpira, amepoteza nauli. Fimbo ilikuwa ya kuvutika kama antena ya redio ya babu, ina kigurudumu cha kukunjia uzi, na muuzaji aliapa inabeba samaki wa kilo 20. Hapo hesabu zikaanza. Nilikuwa nimeshasikia habari za mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni mwa sangara yanayosafirishwa mpaka China, kwamba bei yake inaliacha mbali nofu lenyewe. Mke wangu anafunga maboksi, mimi napiga hesabu ni mabondo mangapi yanalipa kodi ya miezi sita.

Nyumba tuliyopata iko mlimani, Igogo. Dalali alisema ina mandhari, na hakudanganya: ukikaa barazani ziwa lote liko miguuni pako. Alichosahau kusema ni kwamba gari linaishia chini, na kuanzia hapo ni ngazi za mawe. Friji letu lilipandishwa na vijana wanne, na kila walipopumzika, bei nayo ilipanda ngazi chache. Maji ya bomba ndiyo hayapendi kabisa kupanda. Yanafika kwetu siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunaishi kwa akiba. Kwa hiyo bafuni, ambamo ndimo mna choo, tuliweka diaba kubwa la bluu, maji mpaka karibu na ukingo, na kopo la kuchotea. Mlikumbuke hilo diaba.

Nyuma ya jiko kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, limekaa juu ya jiwe jingine kana kwamba aliyelipachika alikuwa na haraka. Wiki ya kwanza nililala upande wa mlango. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba, alilitazama lile jiwe, akanitazama mimi, akasema, "Hilo haliangukagi." Akaendelea kuanika michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu.

Usiku wa tatu, mbalamwezi inawaka, nikasikia mtu anachinjwa. Nasema hivyo kwa sababu sina neno jingine. Ilianza kama mlango usiotiwa grisi, ikapanda, ikawa kilio cha mtu anayeomba msaada, ikaishia kwenye kukoroma. Nikatoka na bomba la chuma, napiga kelele kuamsha mtaa. Walikuja watu kama kumi. Jirani wa juu yetu, mzee mmoja aliyevua ziwani miaka mingi mpaka magoti yakakataa, akamulika tochi juu ya jiwe. Pale palikuwa na mnyama mnene, hana mkia, ukubwa wa sungura aliyeshiba, anatuangalia kama sisi ndio tuliomwamsha.

"Pimbi huyo, ngosha," mzee akasema kwa upole mkubwa. "Anaimba."

Tangu siku hiyo watoto wa mtaa mzima wakaniita Baba Pimbi. Sikuwalaumu. Ila jina hilo lilikuja kunigharimu.

Sasa turudi kwenye fimbo. Kila Jumamosi nilikuwa nashuka mlima, nachukua usafiri mpaka upande wa Nyegezi, naingia sehemu yenye mafunjo na magugumaji ambako vijana wadogo huvua. Wao hawana fimbo. Wana mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, wanautupa, wanavuta furu, wanatupa tena, wanavuta sato wa kiganja. Jumamosi ya kwanza mimi nilivua gugumaji. Ya pili nilivua kandambili ya mguu wa kushoto, nzima kabisa. Ya tatu nilivua shati langu mwenyewe, mgongoni, na kijana wa miaka tisa ndiye aliyenitoa ndoano.

Jumamosi ya nne mama mkwe alikuwa ameshafika.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja na basi kutoka Dodoma kuona makazi mapya ya bintiye, akapanda zile ngazi akiwa ameshika viatu mkononi, akafika juu, akaegemea ukuta, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nyumba nzuri. Mngeweka mbuzi humu wangefurahi." Ni mtu mwema. Lakini kwetu mkwe ni heshima. Mimi na yeye hatupishani koridoni bila mmoja kukohoa kwanza na mwingine kurudi nyuma. Kwa hiyo Jumamosi ile niliondoka alfajiri na nia moja: nirudi na samaki wa kumfanya asahau zile ngazi.

Na nikampata. Saa tisa alasiri uzi ulikaza, fimbo ikapinda, nikarudi nyuma mpaka kwenye tope la magoti, na kitu kikatoka majini ambacho kwanza nilidhani ni nyoka. Mwili mrefu wa mviringo, mnene kama mkono wangu, rangi ya tope lenye madoadoa, unateleza kama sabuni. Pale ambapo samaki wengine wana mapezi, yeye ana nyuzi nne zinazoning'inia, kama kamba za viatu zilizofunguka.

"Kamongo!" vijana wakapiga kelele. "Usiweke kidole! Huyo anang'ata mpaka mfupa!"

Walinisaidia kumtumbukiza kwenye ndoo. Nikauliza kama atafika nyumbani akiwa hai. Wakacheka sana. Mmoja akasema, "Huyo hata ukimpeleka Shinyanga anafikaga." Nikajua wananitania mgeni.

Kwenye bodaboda nilikumbatia ndoo, nimeifunika kwa koti. Tulipofika kwenye foleni dereva akageuka. "Kaka, mzigo wako unahema."

"Ni mimi," nikamwambia.

Nyumbani hakukuwa na mtu, walikuwa wameenda kusalimia kwa mama mwenye nyumba. Nikamtazama kamongo kwenye ile ndoo finyu, nikamwonea huruma. Nikammimina ndani ya diaba. Nikafunika kwa sinia la pilau, juu ya sinia nikaweka jiwe. Waliporudi nikamwambia mke wangu maji ya diaba nimeyatia dawa, yasiguswe mpaka asubuhi. Mama mkwe wakati huo alikuwa kwenye simu na Dodoma, anaelezea zile ngazi, moja baada ya nyingine. Hakusikia.

Saa nane usiku. Umeme umekatika. Nipo macho, nawaza nitamkaanga au nitamtia nazi, ndipo nikasikia mlango wa chumba cha wageni. Kikohozi cha adabu koridoni. Mlango wa bafu ukafunguliwa, ukafungwa, komeo likaingia. Kimya cha muda. Halafu nikasikia jiwe linawekwa sakafuni, taratibu, kwa ustaarabu. Nikakaa kitandani. Sinia likafuata. Kopo likaingia majini: *chubwi*.

Kukawa kimya.

Halafu, wazi kabisa, nikasikia mtu wa tatu akishusha pumzi ndefu: "*Haaaaff*."

"Nani humo?" Ilikuwa sauti ya darasani. "Jibu!"

"*Haaaaff*."

Kilio kilichofuata sitakieleza. Nilishawahi kukieleza hapo juu, nikizungumzia pimbi. Nilifika mlangoni mwa bafu kabla sijajua nimetoka kitandani, na hapo nikakwama. Ndani ni mama mkwe, chooni, usiku, kwenye kanga. Mtu mwenye akili zake anavunjaje mlango huo? Nikasimama nje nimeshika mwiko wa ugali, sijui niliutoa wapi, nikasema kwa unyenyekevu wote nilionao:

"Mama, shikamoo. Samahani. Ni samaki."

"Samaki hapumui!" akajibu kutoka ndani, kopo linagonga kitu. "Samaki ana matamvua! Nimefundisha sayansi miaka thelathini! Hiki kitu kinapumua!"

Yaani nilikuwa nafundishwa, saa nane usiku, kupitia mlango. Na kibaya zaidi nilikubaliana naye.

Diaba likaburuzika. Likapinduka. Maji ya wiki nzima yakatoka chini ya mlango yakanilowesha mpaka vifundoni. Komeo likafunguka, na mimi, kwa heshima, nikageukia ukuta na kufumba macho. Mama mkwe akapita nyuma yangu kama daladala iliyokata breki. Sekunde moja baadaye kitu kizito, baridi, chenye utelezi, kikapita juu ya mguu wangu wa kulia. Kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho, sikuona kilikoelekea.

Sebule yetu bado ilikuwa imejaa maboksi ya kuhamia. Tochi ya simu ilipowaka, mama mkwe alikuwa amesimama juu ya mkono wa kochi. Mke wangu alikuwa amepanda boksi lililoandikwa VYOMBO, na boksi likawa linamjibu kwa kila hatua. Wote wawili wakapiga kelele tena, safari hii kwa pamoja. Nikasubiri majirani.

Hakuja mtu.

Kutoka nyumba ya chini nikasikia dirisha linafunguliwa, na sauti ya mtoto: "Mama, kuna nini?" Na sauti ya mama yake: "Lala. Ni pimbi wa Baba Pimbi."

Ikabidi nipande kwa mzee nikagonge mwenyewe. Akatoka na fulana, panga mkononi.

"Mwizi?"

"Hapana, mzee. Yuko chini ya kochi, nadhani."

"Ana silaha?"

"Ana meno."

Akaniangalia kidogo, akarudisha panga ndani, akachukua gunia.

Mzee alipoingia sebuleni hakuangalia chini ya kochi. Aliona mgeni mwenye umri wake amesimama juu ya kochi, na kwa Msukuma aliyelelewa vizuri, cha kwanza ni salamu. "Mwadila, mayu," akasema, akiinama kidogo. Akauliza za safari, za Dodoma, mvua huko zikoje. Mama mkwe naye, mikono imeshika kanga kifuani, akajibu moja moja kutoka kule juu, maana naye amelelewa. Mimi maji yananichuruzika nasubiri wamalize hali ya hewa.

Walipomaliza, mzee akatuliza watu wote. "Nyamazeni. Atajisema mwenyewe."

Tukanyamaza. Dakika nzima. Kisha kutoka pembeni, nyuma ya boksi la mapazia: "*Haaaaff*."

Alikuwa ameingia kwenye mfuko wa fimbo yangu ya kuvulia. Ule mfuko mrefu wa turubai niliutupa sakafuni jioni ukiwa umelowa, na yeye, akitafuta mahali penye giza na majimaji, akaona hapo ndipo nyumbani. Mzee akaufunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akauinua.

"Leo umevua mara mbili," akaniambia. "Na mara ya pili bila chambo."

Ndipo akatueleza. Kamongo ana mapafu. Lazima apande juu ya maji kuvuta hewa, na maji ya kinamasi yakikauka hujichimbia topeni akalala humo mpaka mvua zirudi. Akaniuliza nilimwekaje. Nikamwambia: diaba, sinia, jiwe.

"Ungejaza maji mpaka yakagusa sinia, angekufa maji."

Mama mkwe akashuka kwenye kochi kwa mara ya kwanza. "Samaki? Afe maji?"

"Ndiyo, mayu."

"Ana mapafu?"

"Anayo, mayu."

Alikaa kimya muda mrefu. Niliona midomo yake inatembea, kama mtu anayehesabu. Baadaye mke wangu aliniambia alikuwa anahesabu miaka ya wanafunzi aliowakosesha swali hilo. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama na mwiko wangu, akasema tu, "Pumzika, mwanangu," akaingia chumbani.

Jumapili mzee alimchuna yule kamongo uani, akachukua nusu kama ujira wake, na nusu akatupikia mama mwenye nyumba, mchuzi mzito na ugali wa muhogo. Mama mkwe alisema hawezi kula mtu anayepumua. Akaonja mchuzi mtupu, kwa heshima ya mpishi. Kisha akaonja kipande kidogo. Kisha akauliza mkia uko wapi.

Diaba lilipasuka, tumenunua jingine. Sahani sita za harusi zimebaki mbili. Fimbo sasa inashikilia pazia la sebuleni na inatosha kabisa, maana inavutika.

Mama mkwe aliondoka Jumatano. Lakini siku zote zile zilizobaki, kila alipokwenda bafuni, alikuwa anasimama nje ya mlango, anagonga mara mbili, na kusema kwa sauti ya kutosha, "Hodi humo ndani." Anasubiri kidogo. Akiona kimya, anaingia. Tulimcheka chinichini. Amerudi Dodoma, na juzi usiku nikasikia mke wangu koridoni anabisha hodi kwenye bafu ambalo anajua halina mtu. Sikusema kitu. Mimi mwenyewe nilianza tangu Alhamisi.