Mshenga wa Rangi ya Waridi

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Mtongwe, na kwa sababu hiyo peke yake mimi, ambaye ujana wangu wote niliumaliza nikigonga mihuri kwenye karatasi za forodha Kilindini, niliamini kwamba upepo naujua. Sikuwahi kutweka tanga. Hata kwenye feri ya Likoni nilikuwa nikisimama katikati, karibu na magari, ili nisiyatazame maji. Lakini mtu akiuliza barazani kama kaskazi imekwisha kushika, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulowesha kidole mate na kukiinua juu, na kwa kuwa wenzangu wote walikuwa makarani kama mimi, hakuna aliyenipinga.

Mwezi wa Januari mwaka 1984 meli moja ilishusha gatini masanduku mawili marefu ya mbao, na faili lake likaangukia mezani kwangu. Ndani mlikuwa na ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, aina ya Piper Pawnee, iliyokwisha kutumika ng'ambo, mwili wake katika sanduku moja na mbawa katika la pili, zimelazwa ubavu kwa ubavu kama ng'onda. Mwenye mali alikuwa kampuni moja ya bara, iliyoitaka ndege hiyo kwa ajili ya mashamba ya ngano ya Narok. Pamoja na makaratasi alikuja rubani, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye sote tulimwita Kepteni, na fundi wake. Na kwa siku kumi walizokaa uwanja wa ndege wa Changamwe wakiiunganisha, jioni walikuwa wakija barazani kwetu Kuze kunywa kahawa.

Kahawa ile ndiyo iliyoniponza. Kepteni alikuwa amenyunyizia nzige na kwelea kwelea kwa miaka mingi, akiruka ndege za Beaver za lile shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1962, na alikuwa msimulizi ambaye mtu humsahau muuza kashata kwa ajili yake. Alitueleza kwamba nzige huwahiwa alfajiri, kabla jua halijawapasha mbawa wakaruka, na kwamba kwelea kwelea huviziwa magharibi wanaporudi kulala, kwa hiyo rubani hufanya kazi yake saa ambazo waungwana ama bado wamelala ama wanangoja chakula cha usiku. Alitueleza namna kundi la nzige linavyoweza kukipaka kioo cha mbele mpaka rubani akabaki kuchungulia kwa dirisha la pembeni kama mke anayemngoja mgeni wa mlangoni aondoke. Na adui yake mkubwa, alisema, hakuwa nzige wala kwelea, bali waya wa simu uliotundikwa wiki iliyopita na mtu ambaye hakumwambia mtu.

Historia pia aliijua. Kazi hiyo ilianza kwa ndege tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, pale Luteni John Macready alipopita juu ya miti ya katalpa iliyokuwa ikiliwa na viwavi, huku Etienne Dormoy, mhandisi aliyelitengeneza tangi, akizungusha mkono wa chuma ili unga wa sumu umwagike nje. Fundi wa Kepteni kila mara alilikatiza simulizi hilo mahali pale pale, akisema kwamba basi aliyefanya kazi ni Dormoy, na huyo Macready aliendesha tu.

Pawnee yenyewe Kepteni aliipenda kama mtu apendavyo punda mwenye adabu. Fred Weick, aliyeibuni, alikuwa ameifikiria ajali kabla ya kufikiria kuruka: tangi la dawa, linaloingia lita zinazokaribia 570, amelitia mbele ya rubani, ili ndege ikigonga chini lisimjie mgongoni, na kiti amekiinua juu mithili ya kiti cha bwana arusi, ili anayekikalia aone vizuri mbele na chini, na pia awe mbali na kile kitakachogonga kwanza.

Siku hizo hapakuwa na setilaiti za kumwonyesha rubani mstari wake, kwa hiyo kila mwisho wa shamba alisimama mtu mwenye bendera. Rubani huilenga bendera; mshika bendera humngoja mpaka amenyooka, kisha huhama hatua ishirini hadi kwenye mstari unaofuata, kabla ndege haijamfikia. Kanuni yake ni moja tu: ahamie upande upepo unakotoka, ili dawa ipeperukie mbali naye. Kepteni alikuwa na mshika bendera mmoja, mzee wa Kidigo aliyepata kufanya naye kazi zamani, na alihitaji wa pili kwa ajili ya majaribio.

“Nitashika mimi,” nikasema.

“Upepo unaujua?” akauliza.

Baraza zima likacheka kwa niaba yangu. “Kepteni,” nikamwambia, “hapa ni Mombasa. Upepo ndio uliotuleta.”

Jaribio lilipangwa kufanyika alfajiri ya Jumamosi, ng'ambo ya kusini, kwenye kiwanja cha nyasi kilichokuwa kati ya minazi na bahari. Kepteni hakutaka kuipeleka ndege Nairobi kabla hajaona mabomba yake yananyunyiza sawasawa, na tena alisema kwamba hewa ya pwani ni nzito, huibeba ndege vizuri, ilhali Uwanja wa Wilson uko mita karibu 1,700 juu ya bahari na huko si mahali pa kugundua makosa huku tangi limejaa. Tangini hamkutiwa sumu, bali maji yaliyochanganywa na rangi ya waridi ya kupimia, ile ya unga ambao kijiko kimoja chatosha kuharibu nguo za ukoo mzima. Kadi nyeupe zingepangwa chini kuvuka njia ya ndege, kisha matone yake yangehesabiwa kwa kioo cha kukuzia. Mimi niliambiwa nivae nyeupe ili nionekane.

Sasa lazima nieleze kwamba Jumamosi hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, nilitakiwa kwenda Kibokoni nikiwa mshenga wa mdogo wangu, kumposea binti wa nahodha mmoja mstaafu aliyekuwa maarufu kwa majahazi yake na kwa ulimi wake. Kanzu mpya nilikuwa nimeshashonewa. Nguo nyingine nyeupe sikuwa nayo ila fulana, na fulana haikulingana na cheo changu cha siku hiyo. Nikaivaa kanzu.

Tulivuka na feri ya kwanza, mimi, fundi na yule mzee. Kiwanjani fundi akawasha rundo la makumbi ya nazi ili auone mwendo wa hewa, na moshi wake ukalala taratibu kuelekea baharini. Niliuona kwa macho yangu mawili, nami nikaukanusha. Huu ni mwezi wa Januari, nikamweleza fundi, ambaye kwao ni Nyeri. Mwezi huu ni wa kaskazi, na kaskazi hutoka huko baharini, kaskazini-mashariki, tangu enzi za mababu. Moshi wa makumbi una tabia ya kuzunguka. Fundi akanitazama, akautazama moshi, kisha akasema kwamba yeye kazi yake ni injini.

Ndege ikaja jua likichomoza. Sijapata kuona kitu kinachokuja kimya namna ile, maana mlio wake huanza kusikika hasa pale unapokuwa umechelewa kuogopa. Ilikuja chini kuliko minazi, pua yake ikiilenga bendera yangu, na mara nikaona wingu la waridi limefunguka nyuma yake kama leso iliyokunjuliwa. Nikakumbuka kanuni. Nikageukia baharini, upande wa kaskazi yangu, nikahesabu hatua ishirini kwa utulivu wa mtu aliyerithi elimu, nikasimama. Ndege ikapita pale nilipotoka, Kepteni akafunga nozeli, ile midomo ya mabomba inayonyunyiza, akapanda juu ya minazi. Wingu likabaki likining'inia hewani kana kwamba linauliza njia. Kisha likanijia.

Nilikimbia, lakini nilikimbia kuelekea bahari, yaani kule kule lilikokuwa linakwenda, kwa hiyo tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimeshika bendera kwa mkono wa kulia na pindo la kanzu kwa mkono wa kushoto, mpaka likachoka kunisindikiza. Huko ng'ambo ya kiwanja yule mzee wa Kidigo alikuwa akinipungia bendera yake kwa nguvu, akionyesha nchi kavu. Nikadhani ananisifu. Nikampungia nami.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angebadili upande. Mimi niliamua kwamba lile lilikuwa pepo la bahati mbaya, na katika mstari wa pili nikahamia tena baharini hatua ishirini, na wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Kila mara wingu lilinikuta likinifahamu zaidi. Mstari wa nne sikukimbia tena. Nilisimama wima, macho nimeyafumba, bendera nimeinyoosha, kama nahodha anayezama na chombo chake.

Kepteni alipotua, akashuka, akaja akinizunguka bila kusema neno. Kadi zake hazikumfaa, kwa sababu mistari yote minne nilikuwa nimemvuta pembeni, na njia ya ndege ikawa haizikuti tena. Akatoa kioo cha kukuzia, akapiga magoti juu ya nyasi, akaanza kuisoma kanzu yangu kuanzia pindoni. Kifuani aliridhika: matone madogo, yamekaribiana, yamelingana. Alipofika bega la kushoto akamwita fundi. Palikuwa na matone matatu makubwa kama punje za mbaazi, yametelemka mpaka kwenye kwapa.

“Haya si ya upepo,” akasema. “Haya yamedondoka nikiwa nimeshafunga. Kuna nozeli inavuja.”

Fundi akaenda chini ya bawa, akafungua nozeli moja moja, na kweli akakuta moja ambayo kiwambo chake cha mpira, kile kinachotakiwa kuziba mara tu shinikizo linapokatika, kilikuwa kimepasuka. Kwa mwendo huo, Kepteni alisema, ingemwaga sumu juu ya nyumba za watu kila anapogeuza ndege. Akanishukuru kwa dhati. Akaniomba kanzu ili aiweke katika faili la ndege, akanilipa thamani yake, na fundi akaniazima ovaroli iliyonuka grisi. Wote wawili hawakucheka, na hilo liliniumiza kuliko kicheko, kwa sababu nilielewa kwamba wananingoja niondoke.

Kwenye feri watu wa Likoni hawakuwa na adabu hiyo. Mama mmoja aliyebeba kapu la mahamri aliniuliza kwa huruma kama ni ugonjwa, na mwanawe akamjibu kwamba si ugonjwa, ni mwigizaji. Nyumbani nilijisugua kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa mafuta ya nazi na mwisho kwa mafuta ya taa, na kila kimoja kiliisambaza rangi kwa usawa zaidi, hata masikio yaliyokuwa yamenusurika yakapata sehemu yake. Mama yangu alisimama mlangoni. “Mwanangu,” akasema, “nenda hivyo hivyo. Ukivunja ahadi ya posa tutaitwa wahuni. Ukenda hivyo utaitwa wewe peke yako.”

Nikaenda, nimevaa kanzu ya kaka yangu iliyonifika kwenye muundi. Nahodha alitupokea ukumbini, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko desturi, akanipa mkono. Jasho lilikuwa linanitoka. Alipouondoa mkono wake aliugeuza kiganja juu, akakiona cha waridi, akakinusa, akakipangusa kwenye shuka ya kiunoni, na shuka nayo ikachukua. Nikaanza maneno yangu ya ushenga niliyoyakariri wiki nzima. Akaniinulia kiganja.

“Kwanza hili,” akasema.

Ikanibidi nieleze yote mbele ya wazee saba: ndege, rangi, bendera, moshi wa makumbi, kaskazi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, kwamba ilikuwa saa ngapi.

“Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.”

“Saa kumi na mbili na nusu,” akarudia taratibu, kwa sauti ya mtu anayesomewa wasia. “Huo ni umande, mwanangu. Hutoka nchi kavu kwenda baharini mpaka jua liive. Wavuvi wote hutoka nao asubuhi. Babu yako wa Mtongwe nilimjua. Yeye alidhani akitoka asubuhi chombo chamsukuma nani?”

Sikuwa na jibu. Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe cha kahawa, kikohozi kikawa kirefu, ikabidi atolewe nje. Posa ilikubaliwa, kwa kuwa nahodha alisema kosa la mshenga si kosa la bwana arusi, ila aliwaomba ndugu zangu siku ya kuleta mahari wachague wenyewe, wasiniulize mimi hali ya hewa.

Arusi ilikuwa baada ya miezi miwili, rangi imekwisha kunitoka mwili mzima isipokuwa chini ya kucha. Siku ya nikahi nahodha alisimama mlangoni akipokea wageni. Nilipofika zamu yangu alitoa leso mfukoni, akajifunga kiganja taratibu, akakaza fundo kwa meno, ndipo akanipa mkono.