Ukienda Loiyangalani, Beba Maji Yako

Matangazo ya safari za Loiyangalani, mji mdogo kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, yana kibwagizo kimoja: njooni muwaone El Molo, kabila dogo kuliko yote Kenya, kabla hawajaisha. Utadhani ni vifaru. Wanakunywa nini, hilo halimo kwenye tangazo.

Wanakunywa ziwa. Maji yale yana magadi, na floridi imepita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo maana watoto wana meno ya kahawia, na wakubwa miguu hupinda na viungo hukakamaa. Halafu mgeni anafika na ushauri wake: chemsheni! Moto unaua vijidudu tu. Floridi haipai na mvuke, kwa hiyo maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo kwa floridi havifui dafu. Chujio la mkaa wa mifupa husaidia, lakini mkaa huchoka na asipokuwapo wa kuubadilisha, chujio hubaki pambo. Mtambo wa kuondoa chumvi unataka umeme.

Umeme! Karibu na hapo kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, iliyozinduliwa 2019, na nyaya zinazousafirisha umeme huo kusini hadi Suswa, kwenye gridi ya taifa, zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Haya, barabara ya kutoka Laisamis wenye mitambo waliitengeneza, na madereva wanashukuru. Barabara hainyweki.

Basi mgeni, jaza mafuta Marsabit au Maralal, na beba magurudumu mawili ya akiba. Ukipunguza upepo wa matairi kwa ajili ya mchanga, ujaze tena kabla ya mawe ya volkano, la sivyo yatapasua tairi ubavuni. Maji ya kunywa weka lita tano kwa kila mtu kwa siku, na ziada ya gari kuharibika. Yatie kwenye jerikeni. Chupa ndogo zikiachwa huko, upepo ndio unaozoa taka.

Picha: ongea na wazee kwanza, mkubaliane bei moja ya kijiji kizima, na ilipwe mbele ya watu. Ukilipa kwa kila picha, mtoto atajifunza kwamba kusimama barabarani kuna faida kuliko kukaa darasani. Na pipi, jamani, kwa meno yale?

Shanga nunua kwa mama aliyezitunga, bila kumkaba bei. Lala kwenye vibanda vya mikoma vya wenyeji, kula samaki wao. Boti kubalianeni nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na uyaone majaketi ya kuokolea kwa macho yako. Nahodha akisema upepo umekaza, usimwongezee pesa ili abadili mawazo.