"Wamegundua dawa!" Dawa ipi hasa?

Msimu wa korosho uliopita, kwenye mzani wa chama cha msingi huko Tandahimba, kijana mmoja aliinua simu juu: "Dawa ya Ukimwi imepatikana!" Wazee wakayaacha magunia, wakamsogelea. Kumbe ni habari ya mgonjwa wa Ulaya aliyepandikizwa uboho.

Si uzushi. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa uboho mwaka 2007 na tena 2008 ili kutibu saratani ya damu. Aliyemchangia alizaliwa na seli zisizo na mlango ambao VVU huutumia kuingilia. Virusi havikurudi mpaka anafariki mwaka 2020, tena kwa saratani ileile. Adam Castillejo wa London naye akatangazwa 2019. Lakini kupandikizwa uboho kwenyewe kunaweza kuua, na hakuna daktari atakayemfanyia hivyo mtu anayeishi salama kwa kidonge kimoja kwa siku. Halafu kuna yule mtoto wa Mississippi: alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa, watu wakashangilia, 2014 virusi vikaibuka. Hujificha ndani ya seli zilizolala, ambako dawa haziviwezi.

Ndiyo maana wapo wanaotaka fedha ziende kwenye vidonge, maabara zisubiri. Wana hoja. Mwaka 2011 tuliona watu wakitupa dozi na kukimbilia kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wa Loliondo.

Ila namjua dada mmoja wa Lindi. Akisafiri huvitoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kwenye pindo la kanga, kwa sababu kopo hulia kama njuga ndani ya basi na abiria hugeuka. Nembo alishaibandua. Kumeza ni sekunde. Kuficha ni maisha. Anayesema kidonge kinatosha hajawahi kuifunga kanga ile. Kwa ajili yake, mimi nipo upande wa utafiti uendelee, hata ukichukua miaka 20. Ninachokipinga ni vichwa vya habari.

Siku ile Tandahimba, mzee mmoja alinivuta pembeni, nyuma ya ghala.

"Mwanangu, ile ya kila usiku, niendelee nayo?"

"Endelea nayo, baba. Usiruke hata siku moja."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye foleni ya mzani.