Mkusanyiko wa vibao sio uvivu, ila angalia nani kaupanga

Kuna kauli naisikia sana kwa wapenzi wa muziki wa zamani, kwamba mtu mwenye zile albamu za vibao bora tu huyo hajui muziki, kapita njia ya mkato, mpenzi wa kweli anasaka albamu moja moja kama zilivyotoka. Juzi nimeambiwa hivyo hivyo na mtu ninayemheshimu, tulikuwa tunaongelea bendi za Uingereza za miaka ya 60, Beatles, Kinks, Hollies, Who na wenzao, na palepale sikuwa na jibu la kueleweka. Nimelitafakari siku kadhaa na naona ana haki nusu, tena nusu yenye uzito, ila hiyo nyingine kakosea kabisa.

Alipokosea ni hapa. Uingereza ya wakati ule singo, yani santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande, na albamu, yani LP, santuri kubwa ya nyimbo nyingi, vilikuwa vitu viwili tofauti. Singo ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 7 za kwao na LP ilikuwa zaidi ya shilingi 30, sasa kijana wa Liverpool au Manchester anayedunduliza hela ya wiki ukimuuzia singo leo halafu mwezi ujao umuuzie albamu yenye wimbo uleule ataona umemla mara mbili. Kwahiyo bendi nyingi zilikuwa zinaacha singo nje ya albamu makusudi, ni heshima kwa mnunuzi. Wamarekani walifanya kinyume, kampuni ya Capitol ilikuwa inapunguza nyimbo kwenye LP za Beatles, inachomeka singo, na kwa mtindo huo albamu zinakuwa nyingi kuliko zile za Uingereza.

Matokeo yake ni kwamba She Loves You haipo kwenye albamu yoyote ya kawaida ya Beatles iliyotoka Uingereza. Haipo. I Want to Hold Your Hand haipo, Paperback Writer haipo, We Can Work It Out haipo. Desemba 1966 bendi ilikuwa imejifungia studio haina albamu mpya ya Krismasi, kampuni yao ya rekodi, EMI, wakatoa A Collection of Beatles Oldies yenye nyimbo 16, na kati ya hizo 7 zilikuwa singo ambazo hazijawahi kukaa kwenye LP ya kwao. The Who ndo kabisa, I Can't Explain, Substitute, I'm a Boy, Pictures of Lily, zote zilitoka kama singo nje ya albamu zao za kawaida Uingereza, ni mikusanyiko kama Direct Hits ya 1968 na Meaty Beaty Big and Bouncy ya 1971 ndo iliyozikusanya. Sasa mtu akikwambia usinunue mkusanyiko, sikiliza albamu tu, anakwambia uisikilize The Who bila Substitute, inawezekanaje? Hata sisi zilipendwa zetu nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, LP ikaja baadae kuzikusanya, na sijawahi kusikia mtu akisema LP hizo ni za wavivu.

Haya, sasa upande wake yeye, na hapa nakubali bila kubisha. Chukua Waterloo Sunset ya The Kinks, 1967, ilifika namba 2 Uingereza. Mtu yupo dirishani anaangalia mto Thames, watu wanamiminika stesheni, wapenzi wawili Terry na Julie wanavuka mto, na yeye haendi popote, jua linazama na anaridhika. Kwenye albamu yake, Something Else, huo ndo wimbo wa mwisho. Unaufikia baada ya madada wawili, mmoja anamwonea mwenzake wivu, baada ya chai ya alasiri, baada ya wimbo kuhusu msimu unaoisha, halafu gitaa linashuka taratibu na Ray Davies, mwimbaji wao, anaanza kuimba, yani unaona kabisa ni mtu aliyepitia siku nzima ndo kafika dirishani. Kwenye mikusanyiko mingi jirani yake ni You Really Got Me ya 1964, ile ambayo mpiga gitaa wao Dave Davies alichana spika kwa wembe ili gitaa likwaruze. Wimbo mkali sana ule, naupenda, ila ukitoka kwenye spika iliyochanwa ukaingia moja kwa moja kwenye jua linalozama, jua lenyewe hulioni.

Na sio mpangilio tu. The Village Green Preservation Society ilitoka tarehe 22 Novemba 1968, siku moja na ile albamu nyeupe ya Beatles, na haikuingia chati ya mauzo kabisa. Leo wengi wanaihesabu kuwa kazi bora kuliko zote za Kinks na mimi ni mmoja wao. Lakini haikuwa na kibao, na mkusanyiko wa vibao unachukua vibao, kwahiyo mtu anaweza kumiliki mikusanyiko mitatu ya Kinks na asijue kuwa albamu hiyo ipo duniani. Hilo linaniuma kweli.

Kwahiyo kwangu swali la msingi ni nani kapanga huo mkusanyiko na kwa kigezo gani. Angalia ile ya Beatles inayoitwa 1, ya mwaka 2000, nyimbo 27, imeuza mamilioni kwa mamilioni. Kigezo ni lazima wimbo uwe ulishika namba moja Uingereza au Marekani. Inaonekana safi, ila angalia inachofanya. Love Me Do imo kwa sababu ilishika namba moja Marekani mwaka 1964, japo kwao Uingereza iliishia namba 17. Please Please Me, wimbo uliowafungulia mlango Uingereza, haumo, maana chati iliyotumika kama kipimo iliuweka namba 2, na hapo magazeti mengine ya muziki ya wakati ule yaliuweka namba 1. Penny Lane imo. Strawberry Fields Forever haimo, na ni santuri hiyohiyo moja, ukiigeuza upande wa pili ndo hiyo. Hapo aliyechagua ni jedwali, hakuna sikio lililohusika.

Linganisha na zile mbili za 1973, nyekundu ya 1962 mpaka 1966 na ya bluu ya 1967 mpaka 1970. Hizo zilitoka haraka maana kuna watu Marekani walikuwa wanatangaza waziwazi mkusanyiko wa magendo unaoitwa Alpha Omega, kampuni ya Beatles ikaona isipowahi itapoteza soko. Sababu ya biashara tupu! Lakini zimepangwa kwa miaka, singo na nyimbo za albamu zimechanganywa, unamsikia kijana wa Love Me Do anakua mpaka anakuwa mtu mzima mbele yako. Nina lawama moja, ile nyekundu ya mwanzo nyimbo zote 26 ni za Lennon na McCartney, George Harrison hana hata mmoja, na imechukua mpaka 2023 walipoipanua zikafika 38 ndo akaingia. Miaka 50.

Pesa nayo iongelewe. Hot Rocks ya Rolling Stones, 1971, ilitolewa na kampuni ya Allen Klein, aliyekuwa meneja wao na ambaye kampuni yake ndo ilibaki na haki za rekodi zao za miaka ya 60. Bendi ya Small Faces walipohama kampuni ya rekodi ya Decca mwaka 1967, Decca wakakusanya vilivyobaki kabatini wakatoa From the Beginning mwezi uleule bendi inatoa albamu mpya kwengine. Na hawa Small Faces walikaa miaka mingi sana bila kuona malipo ya mauzo yao huku mikusanyiko inatoka kila baada ya muda na Itchycoo Park ndani yake. Mtu akisema mikusanyiko ni unyonyaji, hapo simpingi.

Ila baya kuliko yote mimi naona ni rekodi za kurudia. Niliwahi kununua CD ya bei rahisi ya bendi za miaka ya 60, jaladani picha za zamani na maandishi makubwa kuwa ni wasanii wenyewe. Nyumbani nikaweka wimbo wa kwanza, ngoma zinasikika kama za keyboard ya harusini, sauti ya mwimbaji nzito imechoka. Nyuma ya jalada chini kabisa, kwa maandishi ya kukodolea macho, wameandika baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na mwanabendi mmoja au zaidi. Mmoja au zaidi! Hata kwenye simu zipo nyingi, jina lilelile, picha ileile, na mtoto wa miaka 20 anazisikiliza anasema kumbe bendi yenyewe ya kawaida tu, haendelei. Ukiona mwaka wa rekodi umefichwa, achana nayo.

Nikirudi kwa huyo ndugu yangu, ningependa aifikirie bendi ya Dave Clark Five, aone mkusanyiko ukikosekana inakuwaje. Januari 1964 wimbo wao Glad All Over uliwang'oa Beatles namba moja Uingereza, na Marekani walikuwa wanaonekana mara kwa mara kwenye kipindi cha TV cha Ed Sullivan. Dave Clark, mpiga ngoma na kiongozi, alikuwa mjanja kuliko wote, rekodi zilikuwa mali yake tangu mwanzo, hakuna Klein wala Decca wa kumfanyia kitu. Lakini alizikalia. CD zimeingia, dunia nzima inanunua upya muziki wa zamani, na yeye mkusanyiko wa maana kwenye CD ulikuja 1993. Muulize leo kijana anayewajua Kinks na Hollies kama anawajua hawa, atakuuliza Dave gani.