Wenzangu mlio nje, hizi nyumba za kupangisha tunamjengea nani?

Mimi ni mtu wa Malindi, nimezaliwa Shela ile ya Malindi (sio ya Lamu, watu huchanganya), na sasa huu mwaka wa 11 niko Leicester, Uingereza, na watoto watatu, na miaka yote hiyo nimekuwa mpangaji. Sasa kwetu pia mimi ni mwenye nyumba, maana nimejenga Muyeye, vyumba vitatu juu na duka chini, ndugu yangu ndiye asimamiaye. Kwa hivo haya mambo nayaona pande zote mbili na yananiuma, ndo maana naandika.

Ile nyumba ilikaa tupu miezi saba. Tuliweka jipsamu darini na taa zile za kuzama, vigae vinang'aa, jikoni slabu ya granaiti, uani kabro, yale matofali ya kusakafia, ukuta mpaka ukuta. Kila hatua fundi akinitumia picha kwa wasapu na mimi nikisema mashallah, ongeza. Watu walikuwa wakija kuangalia, wanasifu, wanaondoka, na mimi nikidhani ni kodi, tukashusha kutoka 28,000 mpaka 24,000, bado.

Mwezi wa nane uliopita nikaja likizo, siku moja niko pale mwenyewe akaja mama mmoja na wanawe wanne, mdogo kamshika mkono. Akaingia jikoni akasimama tu, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaniambia "Dada, nyumba nzuri wallahi, lakini hapa nazi nitakunia wapi?" Nikatazama na mimi. Lile jiko ni ujia, ukifungua kabati mlango wagonga ukuta, mbuzi ukiuweka chini huna pa kukaa wala kukunjua miguu, na kidirisha kiko juu ya sinki kama cha chooni, yaani ukikaanga samaki moshi wote waenda sebuleni. Na mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akikuna nazi kila siku ya Mungu! Nikajenga jiko la kupiga picha.

Tukatoka nje, yule mtoto mdogo akakimbilia ngazi, na kabla mamake hajasema kitu kichwa kishapenya kati ya nondo za reli. Kilitoka, alhamdulillahi, lakini moyo wangu ulisimama. Huku Uingereza kanuni za ujenzi zasema reli ya ngazi ya nyumba ya watu isiwe na mwanya wa kupita mpira wa sentimita 10, na ukiuliza sababu ni hiyo hiyo, kichwa cha mtoto. Fundi wetu aliweka nondo mbali mbali kwa sababu zilipendeza hivo na chuma kilipungua, na mimi niliyekuwa nikilipa sikumuuliza. Nalala kwenye nyumba yenye kijichuma cha kuzuia dirisha la ghorofani lisifunguke sana, nyumba ambayo mwenyewe alinifungia kigeti cha ngazi mwanangu alipoanza kutambaa, halafu kwetu naweka reli ya urembo. Hilo sijisamehi.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi Uingereza ndo peponi. Mwaka wa kwanza nilizungushwa na ajenti mmoja mpaka nikalia, nyumba iko wazi, pesa ninayo, lakini akisikia watoto watatu nyumba "imeshachukuliwa". Ni juzi tu, 2025, ndo England wamepitisha sheria ya kuwakataza wenye nyumba kuwakataa watu kwa sababu ya watoto. Na hata ukipata, unyevu, ukuta wa chumba cha watoto unafanya ukungu mweusi kila baridi, jirani humjui jina, mtoto akiruka ruka sakafuni barua yaja. Kwetu mtoto hulelewa na mtaa mzima, anakula nyumba ya tatu na mamake hana wasiwasi. Barazani mtu ana pa kukaa jioni. Hivo vitu twavivunja wenyewe sahivi, tunajenga bila baraza, ukuta mrefu, geti la chuma, tukiiga huku ambako watu wenyewe wanatamani jirani.

Na uani kwangu kulikuwa na mwarobaini. Ndugu yangu akaukata ili kabro ikae sawa. Nendeni mkasimame juu ya kabro Malindi mwezi wa pili, kaskazi, saa nane mchana, halafu mniambie watoto watacheza wapi na nguo ataanika nani.

Ndugu yangu alitaka tuigeuze iwe ya wageni wa siku mbili tatu, wa pwani, alikuwa ameona jirani afanya hivo. Mimi nikakataa. Wageni wanakuja Desemba na mwezi wa nane, ikifika masika wamekwisha, mwezi wa tano na wa sita hata hoteli nyengine hufunga, na kila wakitoka wataka shuka na mtu wa kufagia. Familia yenye mtoto darasa la tatu shule iko karibu haihami ovyo. Inalipa mwezi kwa mwezi na bomba likivuja inakwambia mapema, maana ni kwao. Ila uitangaze kwa wakati wake, shule zetu zafungua Januari, kwa hivo mama anatafuta nyumba Novemba, Disemba mwanzo, sio Februari.

Basi tulifanya nini. Tulivunja ukuta wa jiko ule wa nyuma, tukatoa kibaraza kidogo uani chenye paa la makuti, hapo mbuzi unakaa, jiko la makaa linakaa, moshi unaenda zake. Nondo za reli tukaongeza katikati. Madirisha yote wavu wa mbu. Ukuta wa korido na vyumba vya watoto tukapiga rangi ya mafuta mpaka kimo cha kifua, mikono ya watoto inafutika kwa kitambaa. Tangi la lita 1,000 tukaongeza la 5,000, kwa sababu maji ya mfereji yakikatika watu sita hawaishi kwa ndoo, na yale ya kisima kwetu ni ya chumvi, ya kuoshea tu. Pesa zote hizo hazikufika nilizotia kwenye jipsamu, na ningezitia tangu mwanzo.

Depoziti pia tuzungumze. England haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba ana siku 30 aipeleke kwenye mpango wa kuilinda, hawezi kuila. Kwetu mtu aambiwa miezi miwili juu ya ile ya kwanza, karo ya shule inamsubiri, na siku ya kuhama anaambiwa yote imeenda kwa rangi. Mimi nimesema mwezi mmoja, ailipe kwa mara mbili akitaka, na siku ya kuingia tunapiga picha kila chumba sote wawili tukiwa pale, kila mtu anabaki na zake. Ndugu yangu alidhani nimerogwa na wazungu, sasa haongei.

Yule mama alirudi Disemba na mumewe, wakachukua kwa 24,000. Kitu kimoja alichoomba ni kisima kifunikwe vizuri, maana mfuniko ulikuwa bati tu limewekewa jiwe, na kweli nimepita pale mara ngapi na sijaliona. Tumemwaga zege juu, tukaacha mlango mdogo wa chuma wenye kufuli. Ufunguo ni mmoja na anao yeye, sio ndugu yangu wala mimi.